Maboga Yangu Ndani ya Chandarua

Chekeni tu, lakini mniache nimalize! Wadudu wekundu walikuwa wanamaliza majani ya maboga yangu hapa Rumonge. Nikapata akili: nikayafunika yote kwa chandarua, nikakichomekea kwenye udongo kama ninayemlaza mtoto. Hakuna mdudu aliyeingia! Majani yakanawiri, maua yakafunguka, na chini ya maua kadhaa nikaona viboga vidogo kama ndimu. Furaha gani! Nikampigia mama mkwe kule Nyanza-Lac: “Mama, futari ya kwanza ya Ramadhani ni kwangu. Boga utachagua mwenyewe!”

Akaja na sufuria kubwa na mashemeji wote. Nikafunua chandarua kwa madaha. Majani mazuri, hayana hata tundu. Nikayapekua huku na huku. Boga? Hata moja! Vile viboga vyote vilikuwa vimeoza na kudondoka.

Mama mkwe akalitazama ua moja, kisha akautazama ule wavu.

“Mukwe wangu, umefungia inje hata nyuki! Sasa iyo boga ingezalishwa na nani?”

Akaniwekea sufuria mikononi.

“Chuma majani.”