Kidole na Boga Changa

Leo nilikuwa nachambua majani ya maboga, na vile vinyweleo vyake viliponikwaruza vidole nikajikuta bustanini kwa bibi, kijijini Moa.

Msimu ule maboga machanga yaligeuka manjano, yakalainika, yakadondoka. Bibi alijua sababu: mimi niliyanyooshea kidole, na boga changa likinyooshewa kidole huoza. Tangu siku hiyo nikawa napita pale nimekunja ngumi.

Kisha shangazi akaja kutoka Pangani. Aliinama kwenye miboga, akapekua, akauliza, "Mama, mbona sioni maua dume?"

"Yale yasiyobeba kiboga? Tunayapika pamoja na majani, kwa tui. Yana kazi gani tena?"

"Bila hayo majike hayazai, mama, viboga vyake vinaoza tu. Mmewala waume zao wote!"

Kuanzia jioni ile mboga ikaanza kupikwa bila maua.

Asubuhi moja akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya nyumba. "Haya, nionyeshe lile boga kubwa liko wapi."

Nikalionyesha kwa kidole kilichokunjwa. Bibi akakishika kwa vidole vyake vinavyonukia nazi, akakinyoosha taratibu.