Virundo vya Mawe kwenye Genge

Hakuna kitu kilichomchefua Verna Beal kama virundo vya wageni. Kila kiangazi watu wa Boston wanavuka kuja kisiwani, wanapanda majabali ya hifadhi, wanapanga mawe moja juu ya jingine, wanapiga picha, haoo, wameondoka. Ukungu ukishuka, anayevifuata vinampeleka gengeni. Alama halali ya njia ni mawe mawili kama miguu, jiwe bapa juu yake, na dogo kileleni. Hizo Verna alizitunza kwa kujitolea. Vingine vyote, teke!

Asubuhi hiyo mumewe Elwood, mvuvi mstaafu wa kambakoche, alitangulia.

"Utanikuta kwenye ncha ya kisiwa," alisema. "Konokono wewe."

"Nenda zako, mzee!"

Verna akafuata nyuma akivipiga virundo mateke. Kimoja, kingine, kingine tena. "Watu hawa hawana adabu! Kwao hakuna mawe?"

Mara ukungu ukaingia kutoka baharini, hata miguu yake asiione. Akamwita Elwood. Yakamjibu mawimbi tu, yakipasuka chini.

"Verna!" Sauti ilitoka kulia, gengeni, pasipo na njia. "Mawe yangu hayapo!"

"Mawe gani?"

"Niliyoyaweka yanirudishe!"

Elwood, aliyezaliwa katika kisiwa hiki hiki, ajiwekee alama za kurudi?

"Keti chini! Usipige hata hatua!"

"Usinifokee, mimi si mtoto." Jiwe likaporomoka, likachukua muda kufika majini.

"Keti, mkaidi wewe! Nitukane ukitaka, lakini keti!"

Akamtukana kwelikweli, matusi yote ya mashuani, na Verna akayafuata akitambaa, magoti yakichunika, mpaka mkono ukagusa koti. Akalivuta kwa nguvu zake zote. Miguu ya Elwood ilikuwa ikining'inia nje ya jabali.

Wakakaa wameshikana, wakihema.

"Tangu lini, mume wangu?"

"Tangu majira ya baridi. Njia zinanipotea."

"Mbona hukuniambia?" Akaanza kulia. "Ni mimi niliyeyabomoa. Nilidhani ni ya wageni."

Elwood akamkodolea macho, kisha akashusha pumzi ndefu.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Mimi nilidhani sikuyaweka."