Firigisi ya Mgeni

Yaya Odile amesaidiwa tangu utoto wake, na mwezi wa nane uliopita bado alikuwa analala chini ya nyasi zilizooza. Mimi ni Cécilia, jirani yake hapa upande wa Lusangi; namwita yaya, yaani dada mkubwa, kwa umri wake, na kuku wote wawili wa habari hii walikuwa wangu. Kwa hiyo nina haki ya kukasirika.

Ana kopo moja la bati lenye kutu. Alipewa na masista wa misheni, na maziwa ya unga ndani, kabla hajaota meno ya pili. Ili uyanywe maziwa yale ulinyolewa kichwa kwanza, ukaimba wimbo wa shukrani. Baada ya uasi wa miaka ya sitini wakaja wengine na mablanketi. Wakubwa wakachukua mawili mawili, yeye akapata kofia ya sufu. Kofia ya sufu, kwenye joto la Maniema hii! Kisha miaka mingi hakuja mtu, maana barabara ilikufa. Halafu vita, na nyuma ya vita magari meupe: maharagwe, mafuta, bashi, yaani turubai la plastiki, na semina. Semina ya kunawa mikono! Mwanamke aliyezalisha nusu ya kijiji hiki akafundishwa na kijana mwenye miwani namna ya kushika sabuni. Kila shirika lilimwachia karatasi yenye namba yake, naye amezitunza zote ndani ya kopo lile. Nikimuuliza ni za nini, ananijibu, "Siku moja wataziulizia." Mpaka leo hajaulizwa hata moja.

Zamani paa la mjane halikuhitaji namba. Mashemeji walikata nyasi, wake zao wakabeba, na kabla ya jua kuzama mama wa watu ana mahali pakavu. Mahamudu, mume wa Odile, alipofariki, mdogo wake Asani alimwezekea hivyo hivyo. Lakini nyasi zile zilipooza na yaya akamwendea tena, Asani, mwenye baiskeli mbili na vijana wanaomchimbia dhahabu, alimjibu bila aibu, "Shemeji, ungoje kidogo. Shirika iko inakuja na manjanja."

Manjanja ni mabati ya paa. Eti ungoje! Mvua ya mwezi wa tisa nayo itangoja?

Shirika likaja kweli. Lakini mabati yalikuwa ya nyumba chache tu, kwa hiyo kwanza wakamtuma kijana mmoja kutoka Kasongo, Christophe, apite nyumba kwa nyumba na tableti yake, apime nani maskini kumshinda mwenzake. Asubuhi hiyo yaya akaja kwangu, mikono ameificha nyuma.

"Cécilia, unipe kuku."

"Wa nini?"

"Niko na mgeni."

"Yaya, yule si mgeni! Anakuja kuangalia umaskini wako. Wewe utamwonyesha kuku?"

"Mutu ametoka Kasongo na pikipiki, vumbi mpaka kwenye meno, halafu aondoke kwangu na njaa? Mimi ni Odile ama ni nani?"

Nikampa. Mjinga mimi.

Christophe alikaa kwenye kiti pekee cha nyumba ile. Akaletewa wali, kuku na mchuzi wa mawese, na juu ya sahani yake firigisi. Kwetu firigisi ni ya baba mwenye nyumba au ya mgeni. Mwanamke haigusi, hata kama kuku amemfuga, amemchinja na amempika yeye mwenyewe. Kijana akaitafuna huku amefumba macho, akapangusa vidole, akawasha tableti.

"Mama, wiki hii mumekula nyama siku ngapi?"

"Si umeona mwenyewe leo," yaya akasema huku akicheka.

"Na kuku, muko nao?"

Nilikuwa nimekaa karibu na yaya, nikafungua mdomo. Yaya akanifinya paja, nguvu zake zote za uzee zikiwa kwenye kucha mbili. Kumwambia mgeni kwamba chakula alichokula kimeombwa kwa jirani, kwake yeye ni sawa na kumtapisha. "Tuko nao, mwanangu," akasema. Christophe akabonyeza. Mchuzi ulikuwa bado kwenye ndevu zake.

Orodha ikabandikwa kwenye mlango wa chifu. Odile hakuwamo. Asani alikuwamo, wa nne kutoka juu! Siku ya kupimwa alizificha baiskeli zake kichakani, akamvalisha mke wake kitenge kilichochanika, akampaka majivu miguuni, na Christophe mwenyewe akapewa kikombe cha maji, basi. Mshenzi yule. Lakini namlaumu nusu tu. Wamekuja na mtihani, yeye akajua majibu.

Walikuwa wameweka na sanduku la malalamiko. Niliandika mimi, kwa herufi kubwa, na adabu niliiacha nyumbani. Siku sita baadaye tukaambiwa Christophe atarudi kuhakikisha.

Nikamwapisha yaya. "Leo hupiki. Hata kiazi. Ukipika, mimi na wewe basi."

"Sipiki," akasema, kama mtu anayekubali kung'olewa jino.

Christophe alifika pamoja na mvua ya kwanza. Ndani palibaki kona moja kavu, na hapo alikuwa amelala Fifi, mjukuu wa yaya, na kikohozi chake. Yaya akamtoa Fifi, akamweka mgeni. Mimi nikakaa mbele ya mafiga, nimeyapa mgongo, ili mtu asipate njia. Maji yalidondoka kwenye masufuria matatu. Saa nzima ikapita, na ya pili. Tumbo la Christophe likanguruma, tena kwa sauti, na sote tukasikia. Yaya akainuka. Nikamkazia macho. Akakaa. Akainama, akajifunika uso na kitenge, na mabega yakaanza kutikisika.

"Sasa naiona hali yako, mama," Christophe akasema kwa upole, akabonyeza tena.

Aliona nini? Hakuona kitu! Mwanamke yule amelala miaka miwili na maji kwenye blanketi, na sikumwona akilia. Aliyalilia masufuria yake, kwamba yana maji ya mvua na mgeni ana njaa.

Mabati yakaja. Fundi akapigilia. Yaya akapewa namba nyingine, akaitia ndani ya kopo. Nikadhani atacheka, lakini wiki nzima alinipita kisimani bila neno, na mimi nikawa na hasira naye, kwa sababu nilikuwa na hasira na nafsi yangu. Mimi ndiye niliyemfundisha kuwa maskini.

Siku ya soko akaja tena mlangoni kwangu, mikono nyuma.

"Cécilia, unipe kuku."

"Ee Mungu wangu! Wa nini tena?"

"Yule mutoto alikaa kwangu muda wote ule, akaondoka na njaa. Leo anapita, anaenda Kabambare."

Nilimtukana yeye, nikalitukana shirika, kisha nikamshika kuku. Akampika. Firigisi akaifunga kwenye jani la mgomba, akaenda kusimama kando ya barabara, na kitenge chake kizuri. Nikamfuata. Pikipiki ilikuja, yaya akanyoosha mikono miwili. Christophe akapunga mkono, akacheka vizuri kabisa, akapita. Labda alifikiri anaomba kitu.

Tulirudi nyumbani kwake. Chini ya mabati nikamwambia, "Kaa kwenye kiti."

"Kiti ni cha mgeni."

"Leo mgeni ni wewe. Kaa!"

Akakaa. Nikafungua jani, nikaikata firigisi vipande viwili, kimoja nikamwekea mkononi. Alitazama mlangoni kama mwizi. Maisha yake yote, kuku wote aliowachinja, na hajawahi kuionja. Akaitia mdomoni, akatafuna polepole sana, akimtazama Fifi, kisha akanitazama mimi.

"Imekosa chumvi," akasema.