Nzi Kumi na Mmoja Wenye Mabawa Mazima

Nakumbuka siku moja ya mwaka wangu wa tatu wa utafiti, hapa Kibaha, miaka ile sukari ilipogawiwa kwa kaya. Nilifuga nzi wa matunda katika chupa za jemu, nikiwalisha uji mzito wa sembe, hamira na sukari. Sukari ilikuwa mgawo wa mama yangu aliyeishi Kurui, Kisarawe; yeye alikunywa uji wa chumvi.

Nzi wangu, mwanangu, walirithi jeni yenye hitilafu: ukingo wa bawa ulikuwa na pengo. Seli za bawa linalokua hupeana ishara, jirani akimwelekeza jirani awe nini. Nilidai kwamba pengo lilitokea pale ishara ilipokatika. Shahada yangu nzima ilitegemea dai hilo.

Asubuhi hiyo nikakuta katika chupa moja nzi kumi na mmoja wenye mabawa mazima. Nikawaza, nikawazua. Huenda walivamia kutoka kwenye ndizi za jikoni. Huenda jeni nyingine ilikuwa imeirudisha ishara. Nikaogopa kuonekana mzembe. Nikawatumbukiza kwenye spiriti, nikawamwaga, nisiandike neno.

Mwezi uliofuata nzi wazima wakazagaa katika chupa zote. Mwalimu aliyenisimamia akauliza, "Wa kwanza uliwaona lini?"

Nikakiri yote. Akavua miwani.

"Bwana mdogo, pengine ulimwaga uchafu, pengine ulimwaga jibu. Na hesabu zako nyingine nitaziamini vipi?"

Kazi yangu ikakataliwa. Nikaenda Kurui kumweleza mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wageni wangu wanaokula sukari hawajambo?"

"Kazi imeharibika, mama. Wengine niliwaua mwenyewe."

"Walikuwa wagonjwa?"

"Hapana. Walikuwa wazima."

"Yaani nimekunywa chumvi miaka mitatu ili wewe uue wazima?" Akacheka. Kicheko kile kinaniuma hadi leo.

Shahada sikuipata, na wale kumi na mmoja sitajua kamwe walikuwa nini. Huwa naambiwa nitasahau; sijasahau.

Mwanangu, ukiona jambo linalopinga unachokitamani, liandike kabla hujaanza kuliogopa. Andika siku, andika idadi, kisha mwite aliye juu yako aone. Usimwage kitu ambacho hujakielewa. Mungu akupe ujasiri nilioukosa mimi, na akulinde na swali ambalo wewe mwenyewe umeliua jibu lake.