Sare ya Kwaya Iliyogoma Kufunga

Juma lililopita mama mmoja alileta sare yake ya kwaya kwenye kibanda cha cherehani hapa Tunduma, ninakojifunza kushona tangu niache shule.

"Fundi, lipanue hili gauni. Kuna ziada ya kitambaa ndani."

Fundi akachungulia mishono. "Ziada tuliimaliza Pasaka, mama."

Mama akacheka, akijipepea kwa kiganja, jasho likimtiririka, na sisi wengine tumevaa masweta. Muuguzi anayeimba naye, aliyemsindikiza, hakucheka.

"Dada, hedhi ikishakoma, mafuta hukimbilia tumboni na moyo unaelemewa. Presha ulipima lini?"

"Naogopa. Mama yangu aliondoka kwa ugonjwa wa moyo."

"Ndiyo maana twende sasa hivi."

Walirudi mchana wameshikana mikono, wanaimba. Presha imepanda kidogo tu. Ameambiwa apunguze chumvi na mafuta, atembee kila siku, kisha arudi kupimwa.

Fundi alikuwa ameshakata kitambaa cha kuunga ubavuni. Mama akalikwapua gauni, akalikumbatia.

"Usiliguse! Safari hii anayepunguzwa ni mimi."

Wasomaji wangu, sijawahi kumwona fundi akinyang'anywa kazi huku anapiga vigelegele.