Kijiti cha Lita Ishirini

Mtaa mzima wa Kikwajuni unajua, basi na nyinyi mjue. Napika bia yangu mwenyewe uani. Maji ya kimea nayachemsha mpaka yabaki lita ishirini, na kina nakipima kwa kijiti nilichokitia alama. Jumamosi yakafika kwenye alama, nikayapoza, nikatia kipimo cha utamu. Kikazama kama kwenye maji ya bomba: utamu hamna.

Nikampigia simu Mzee Temu wa Moshi, aliyeniuzia kimea. Hata shikamoo sikumpa.

"Umeniuzia makapi," nikamwambia.

"Umepima vizuri, kijana?"

"Miaka sita napimia kijiti hiki. Usinifundishe kazi."

Nikiwa bado nafoka, akaingia jirani yangu Bi Mwanaidi, niliyemwazima sufuria kwa harusi ya bintiye. Kajitwika sufuria.

"Yako hii, Josefu. Ile niliyokurudishia ni ya maulidi. Msikitini wanaisubiri wapikie pilau."

Nikaitazama iliyo mekoni. Pana kuliko yangu. Alama ileile humo ni lita thelathini; kumi zaidi, maji matupu. Na mimi, macho yote kwenye kijiti, sikuona.

Bi Mwanaidi akafunua kifuniko, akanusa. "Umepika nini humu?"

Nikakirudisha kifuniko. Mzee Temu alikuwa bado yumo sikioni.

"Mwambie," akasema.