Vela wa Usafi

Mwaka ule mume wangu Odera alihamia Lubaga kwa mwanamke mwenye kochi, nami nikapata kazi ya kupiga deki katika maabara ya Daktari Odur. Kusoma nilikuwa sijui. Jina langu, Vera, nililitambua kwa umbo tu: linaanza na pembe iliyosimama juu ya ncha yake.

Daktari alikuwa akichora ramani ya ubongo. Aliugandisha, akauyeyusha, kisha akauchambua kwa kijiti cha mbao, akifuata nyuzi zinazotoka sehemu aliyoiita kisiwa, iliyojificha ndani ya mkunjo wa pembeni, hadi vinundu vya chini kabisa. Kisiwa, alinieleza, ndicho kinachohisi tumbo likichafuka na moyo ukienda mbio. Nikawaza, basi changu Odera amekilima miaka kumi na tisa.

Nyuzi zilimkatikia kila siku. Mimi nimekua nikichana nyuzi za mgomba; huvuti, unasukuma taratibu kufuata zinakoelekea. Nikaomba kijiti. Baada ya muda wa saa tatu, uzi mwembamba ulikuwa umetoka kisiwani hadi kwenye kinundu chenye umbo la lozi, haukukatika. Daktari alisema pale ndipo hofu inapopikwa.

"Mama, jina lako litakuwa kwenye ramani hii," akaniahidi.

Likawa. Alinipa nakala, nikaona pembe yangu chini ya picha, nikaibandika ukutani kwangu Kibuli. Wiki mbili niliwakaribisha majirani. Hata Odera nilimtumia salamu, ajue kwamba aliyemwacha ni mtaalamu wa ubongo.

Ndipo Rukiah, mpangaji mwenzangu, akaisoma. Akarudia polepole.

"Dada, hapa ni Vela. Wanasema, ramani imetengenezwa na Odur. Wanamshukuru Vela kwa usafi."

Alianza kucheka, akaona uso wangu, akaacha. Kisiwa changu kilifanya kazi yake yote, nilikimbilia chooni.

Kesho yake Daktari alieleza kwamba mpiga chapa ni Mganda, r na l kwake ni ndugu. Nilipomuuliza kuhusu usafi, alitazama saa. Alininyooshea kijiti, ubongo mwingine ulikuwa tayari mezani, na wageni wake wa kuutazama wangefika saa nane.

"Kijiti ni cha Vera," nilimwambia. "Wewe umemwandika Vela. Vela anapiga deki."

Nikapiga deki. Nyuma yangu nyuzi zilikatika moja baada ya nyingine, Daktari akiguna. Kingekuwa kisasi kizuri, ila mjinga mimi niliisugua sakafu ile mpaka ikang'aa, na wageni walipofika wakaisifu.